Anayehesabiwa Ndiye Anayehudumiwa

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2022, daftari la wapiga kura lilikuwa na majina milioni 22.1. Mshindi wa urais alitangazwa kwa kura milioni 7.18 hivi, akimpita mpinzani wake kwa kura zisizofika 234,000. Waliojiandikisha kisha wasipige kura walikuwa takriban milioni 7.8. Hata ukitoa marehemu ambao majina yao hayajafutwa na watu waliokuwa safarini, linabaki kundi linalokaribia kulingana na la mshindi mwenyewe. Kuwaita wote hao wavivu ni kukwepa swali. Wengi wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Tena inafaa ijibiwe kwa uzito, kwa kuwa anayeumia zaidi kwa kukaa kando ni yule yule anayehitaji zaidi sera za kumwinua mnyonge: shule isiyomfukuza mtoto kwa ajili ya karo, zahanati yenye dawa, ruzuku ya wazee, ujira unaomwezesha kibarua kulisha nyumba yake.

Hoja yenyewe aliipa umbo mwanauchumi Anthony Downs mwaka 1957. Kupiga kura kuna gharama: foleni ya alfajiri, nauli, kibarua cha siku kinachopotea. Faida yake ni kwamba huenda kura yako ikaamua mshindi, na katika mamilioni ya kura uwezekano huo ni mdogo mno. Kwa hiyo mtu anayepima faida na hasara atabaki nyumbani. Hesabu hii ni sahihi mradi tu tukubali msingi wake, kwamba kura haina kazi nyingine ila kumpata mshindi. Msingi huo ndio wenye kasoro. Kura ina kazi ya pili, nayo ni kumwonyesha mtawala watu anaowajibika kwao na mahali wanapoishi. Nchini Kenya kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Jioni ya uchaguzi, msimamizi hujaza Fomu 34A inayoonyesha idadi ya walioandikishwa hapo na kura alizopata kila mgombea. Kura ni siri, hakuna ajuaye ulimchagua nani. Ila kama mtaa wenu ulijitokeza au haukujitokeza, hilo si siri. Fomu ile inasomwa na kila mwanasiasa anayepanga kampeni ya miaka mitano ijayo. Mtu mmoja kati ya milioni 22 hana uzito wowote, lakini watu 100 kati ya 700 hubadilisha sura ya kituo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika siasa ya bajeti msemo huo unafuatwa bila huruma.

Ushahidi wa jambo hili uko wazi zaidi Brazil. Wasiojua kusoma walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1985, lakini karatasi ya kura iliwataka wapiga kura kuandika jina au nambari ya mgombea wa ubunge kwa mkono wao. Maskini wengi walifika, wakapanga foleni, wakaandika walivyoweza, na kura zao zikahesabiwa kuwa zimeharibika. Kisha zikaja mashine za kielektroniki. Mpiga kura hubonyeza nambari kama za simu, picha ya mgombea ikatokea kwenye kioo, akathibitisha kwa kitufe cha kijani. Katika uchaguzi wa 1998, sehemu kubwa ya nchi ilitumia mashine hizo tu katika manispaa zenye wapiga kura zaidi ya 40,500, jambo lililompa mwanauchumi Thomas Fujiwara nafasi ya kulinganisha sehemu zilizofanana kwa mengi isipokuwa mashine. Aligundua kwamba takriban mpiga kura 1 kati ya 10, wengi wao wasio na elimu, kwa mara ya kwanza kura yake ilihesabika. Majimbo yakaongeza fedha za afya ya umma, akina mama wasiosoma wakahudhuria kliniki mara nyingi zaidi wakiwa wajawazito, na watoto waliozaliwa na uzito pungufu wakapungua. Hakuna mama aliyeamua uchaguzi ule peke yake. Hata hivyo, walipohesabika kwa pamoja, matokeo yalionekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi.

Kwetu mfano ulio karibu ni wa elimu. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2002, muungano wa NARC ukashinda baada ya kuahidi elimu ya msingi bila malipo, na Januari 2003 karo ikafutwa. Zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walifurika madarasani. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge akajiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Hapa anaweza kusimama mtu aulize: je, Tanzania ya Mwalimu Nyerere haikuwapeleka watoto shuleni miaka ya 1970 chini ya chama kimoja, bila ushindani wa kura? Na Kenya yenyewe haikuondoa karo za msingi nyakati za Kenyatta na Moi? Ni kweli, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini tutazame kilichofuata. Uchumi ulipodorora miaka ya 1980 na wakopeshaji wakadai serikali zibane matumizi, mzazi akarudishiwa mzigo wa kuchangia, na hakuwa na njia ya kumwondoa aliyemrudishia. Kilichotoka kwenye wema wa kiongozi kilikwenda pamoja na uwezo wa kiongozi. Tangu 2003, mwanasiasa wa Kenya anayetamani kurejesha karo za msingi hadharani anajua atakutana na wazazi debeni. Kura haikuleta elimu bora peke yake, na madarasa yaliyojaa kupita kiasi ni ushahidi wa hilo. Ilichofanya ni kugeuza fadhila kuwa deni.

Pingamizi zito zaidi ni la wizi wa kura. Kwa nini nipange foleni ikiwa matokeo yanapikwa? Nchi iliyopitia machungu ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 haiwezi kulipuuza swali hili. Ila tuangalie kilichoubana wizi. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, na mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni ili kila mwenye simu ajumlishe mwenyewe. Ulinzi huo umejengwa juu ya kura zilizopigwa. Pasipo na kura hapana cha kulinda. Jina la asiyefika ndilo rahisi kutumiwa na mwizi.

Wapo pia wanaosema asiyeelewa sera asipige kura. Mwanafalsafa Jason Brennan ametetea msimamo kwamba mpiga kura asiyefikiri vizuri ana wajibu wa kujizuia. Kuna ukweli ndani yake: anayeuza kura kwa shilingi 200 humwumiza jirani yake. Lakini mama wa Brazil asiyejua kusoma alijua kitu ambacho bajeti ilikuwa haikijui, yaani umbali wa kliniki na bei ya kukosa kwenda. Ujuzi wa namna hiyo anao yule anayeishi tatizo, na njia yake ya kufika serikalini ni kura. Vijana wa Kenya nao watasema barabara ina nguvu kuliko debe, kwa kuwa maandamano ya Juni 2024 yaliuangusha Mswada wa Fedha. Ujasiri wao haupingiki, na baadhi yao waliulipia kwa uhai. Ila maandamano huzuia, hayapangi bajeti. Mswada mwingine huletwa kila mwaka, na wanaokaa bungeni kuupitisha ni waliochaguliwa na wale waliofika kituoni.

Wajibu basi ni mahususi. Mkenya hupewa karatasi sita, na mazungumzo yote huwa juu ya moja, ya rais. Lakini chini ya Katiba ya 2010, zahanati na shule za chekechea ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo dawa za mtoto wako zinaamuliwa zaidi na gavana na mwakilishi wa wadi kuliko na Ikulu. Katika wadi, mtu hushinda au kushindwa kwa kura ambazo mtaa mmoja unaweza kuzitoa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 kuna muda wa kujiandikisha, kuwauliza wagombea wa wadi watatenga kiasi gani kwa zahanati, na kukubaliana na majirani kwamba mtaa wote utafika. Anayehitaji serikali kuliko wote ndiye asiyeweza kumudu kukosekana kwenye fomu ile.