Sikio Mbele ya Matini: Haki na Deni la Anayehukumu Kitabu Alichokisikiliza

Swali la iwapo mtu aliyesikiliza kitabu anaweza kusema kwamba amekisoma huonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa ni swali la istilahi tu. Kwa hakika nyuma yake limejificha suala la maadili: ni nani aliye na haki ya kutoa hukumu juu ya kazi ya fasihi, na akishaitoa, anawajibika kwa nani? Makala haya yanashikilia kwamba msikilizaji anayo haki hiyo kwa ukamilifu wake, ila inaambatana na deni ambalo msomaji wa macho hana: deni la kumtenga mwandishi na sauti iliyomleta.

Haki yenyewe haifai kuhitaji utetezi mrefu, lakini inauhitaji. Vitabu vya kusikiliza havikubuniwa kwa ajili ya wavivu. Nchini Uingereza vilianza kusambazwa kwa santuri mwaka wa 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwamo askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza, na miongoni mwa vya mwanzo kabisa vilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie na Typhoon cha Joseph Conrad. Mwaka wa 2013 Mkataba wa Marrakesh ulilegeza sheria za hakimiliki ili wasioona wapate vitabu kwa njia wanazozimudu, na Kenya ikauridhia mwaka wa 2017. Sheria, basi, imekwisha kukiri jambo ambalo uhakiki bado unalisitasitia. Mwanafunzi asiyeona aliyeisikiliza riwaya teule kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili au tatu, hana sababu ya kuambiwa kwamba yeye "amesimuliwa" tu, ilhali mwenzake aliyepitisha macho juu ya nusu ya kurasa huhesabiwa kuwa amesoma.

Katika fasihi ya Kiswahili dharau hiyo ni ya ajabu zaidi. Tenzi za Lamu na Pate ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini maisha yake yalikuwa kooni mwa mghani. Wanawake walioupokea Utendi wa Mwana Kupona kwa masikio hawakupokea mabaki ya utendi. Waliupokea utendi wenyewe. Hata katika miaka ya 1970 utungo wa Ustadh Mahmoud Mau, Wasiya wa Mabanati, ulienea kwa kaseti ukiwa katika sauti ya mghani, na hakuna aliyedai kwamba wasikilizaji wake hawana la kusema juu yake. Anayemnyima msikilizaji haki ya kuhukumu, basi, amewanyima haki hiyo wengi wa waliozilea tenzi hizo.

Ugumu huanza pale msikilizaji anapoitumia haki yake. Na achukuliwe msikilizaji mmoja ambaye, katika muda wa miezi michache, amevisikiliza vitabu hivyo viwili vya mwaka wa 1935, pamoja na Beloved ya Toni Morrison iliyosomwa na Morrison mwenyewe. Ana maoni juu ya kila kimoja, na maoni yake ni ya kweli kwa maana ya kwamba ndivyo alivyohisi. Je, ni ya haki?

Juu ya kitabu cha Christie, atasema kwamba ametendewa hila. Daktari Sheppard, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, ndiye muuaji, na uovu wake umefichwa katika pengo la dakika kumi baina ya sentensi moja na inayofuata. Hila hiyo, hata hivyo, ni halali kwa sharti moja: kwamba msomaji anaweza kurudi nyuma na kuthibitisha kuwa hakuambiwa uongo. Kitabu cha aina hii hutegemea kidole cha msomaji kinachofunua ukurasa wa awali. Aliyesikiliza kwa santuri alilazimika kuinua sindano na kuitafuta sehemu hiyo kwa kubahatisha. Zaidi ya hayo, aliyekisoma kwa sauti aliujua mwisho tangu mwanzo. Akitetemesha sauti kidogo penye pengo lile, amemsaliti Christie. Akipita kana kwamba hapana kitu, amekuwa mshirika wa Sheppard. Msikilizaji anapolalamika kwamba "kitabu" kimemdanganya, yampasa kwanza abainishe ni nani hasa amdaiye: mwandishi, mhusika, au mwenye sauti.

Kosa la namna nyingine hutokea katika Typhoon. Nahodha MacWhirr ni mtu asiye na ubunifu wa mawazo, anayeyachukua maneno jinsi yalivyo, na Conrad aliijenga riwaya yake fupi juu ya uzito wa mtu huyo. Tufani inapofikia ukali wake wa mwisho, mwandishi anaiacha. Sura inakatika, na ifuatayo inaikuta meli ya Nan-Shan ikiingia bandarini. Ukurasani, nafasi nyeupe humwonya msomaji kwamba ukimya huo umekusudiwa. Sikioni, msikilizaji anaweza kudhani kwamba chombo kimeruka sehemu. Akisema kwamba hadithi "imekatwa vibaya", amemhukumu Conrad kwa jambo ambalo ndilo usanii wake. (Kuna pia wanaoongeza kasi ya sauti hadi mara moja na nusu ya kawaida, kisha wakalalamika kwamba msomaji ana haraka. Hao uhakiki hauna dawa yao.)

Penye Beloved suala linakuwa zito zaidi, kwa kuwa mwenye sauti ndiye mwandishi. Hapa msikilizaji huona kwamba ameondokewa na deni lote: ikiwa Morrison mwenyewe ndiye aliyeamua mahali pa kuvuta pumzi, nani atambishia? Hata hivyo, riwaya hiyo ina sehemu ambapo sauti za Sethe, Denver na Beloved huchanganyikana pasipo kutajwa ni nani anenaye, na usemi wa Beloved mwenyewe umeachiwa mapengo matupu mahali pa alama za uandishi. Utata huo ni sehemu ya maana: waliokufa majini katika safari ya utumwa hawana kituo wala mkato. Koo moja inapousoma utata huo, hata ikiwa ni ya mwandishi, sharti ichague. Uchaguzi wa mwandishi ni ushahidi wa thamani kubwa, lakini haufuti uwezekano alioupanda mwenyewe katika matini. Katika uhakiki imekubalika kwa muda mrefu kwamba mwandishi si mfasiri wa mwisho wa kazi yake. Hapana sababu ya kuliacha kaida hilo mlangoni kwa kuwa tu mwandishi amefungua kinywa, na kwa upole mkubwa namna ile.

Yaweza kutolewa hoja kwamba matatizo haya yote ni ya kale, na kwamba fanani wa fasihi simulizi huamua vivyo hivyo mbele ya hadhira. Hoja hii ina ukweli, ila inasahau jambo moja. Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ (1980), ilivyosomwa kwa sauti majumbani, katika magari na katika vilabu vya pombe. Msomaji wa kilabuni alipofika penye utamu na kuona kwamba bilauri yake imekauka, alikiweka kitabu chini hadi anunuliwe nyingine. Mbali na ucheshi wake, kisa hiki kinaonyesha mkataba. Wasikilizaji wale walimlipa msomaji wao na walimwona usoni. Aliyepotosha aliweza kukatizwa papo hapo, kama vile mtambaji wa ngano asivyoweza kuendelea kabla hajajibiwa "pakawa". Sauti iliyonaswa haikatiziki. Husema na mtu mmoja mwenye vinasa masikioni, wala haijui kama amelala. Seuze sauti zinazotungwa siku hizi na kompyuta, ambazo hazina hata mtu wa kulaumiwa!

Ndiyo maana deni linamwangukia msikilizaji. Yale ambayo hadhira ya kilabuni iliyatenda papo kwa papo, yeye analazimika kuyatenda baadaye, katika hukumu yake: kutaja jina la aliyemsomea, kuuliza penye pengo ni nani aliyelijaza, na pale inapowezekana kumwomba mwenye kitabu amsomee tena ukurasa ule kwa sauti kavu. Mwanafunzi asiyeona aghalabu hufanya hivyo bila kufunzwa, maadam amezoea kusomewa na watu mbalimbali na kujua kwamba kila mmoja ana kitabu chake kooni. Wenye macho ndio wanaohitaji somo hilo.

Na ifikiriwe, kwa mfano wa karibu, kazi ya kuisoma Siku Njema (1996) ya Ken Walibora kwa ajili ya kunaswa. Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020, alikuwa mtangazaji, na yamkini angeliona tatizo kabla ya mhakiki. Kongowea Mswahili anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Amekulia Tanga kwa mama mwimbaji wa taarabu, kisha anavuka mpaka kumtafuta baba hadi Kitale. Matini haisemi lafudhi yake ilikuwa ya wapi wakati anaposimulia. Akisoma mtu wa Tanga, msikilizaji atasikia mgeni aliyepotea bara. Akisoma mtu wa Kitale, atasikia mwana aliyekwisha kufika kwao. Riwaya nzima inauliza swali la kwamba huyu ni wa wapi, na mwenye sauti atakuwa amelijibu kabla sentensi ya kwanza haijafika kituo.