Spika Isikae na Hesabu za Duka

Wajukuu wangu, hapa Ndhiwa ohangla haiombi ruhusa, na sina ugomvi nayo. Miguu yangu bado inaitika benga. Ninachowaonya ni kile kinachoupiga muziki, hasa visanduku vya Android vya bei ya chini visivyo na jina la kiwanda. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, kundi la vifaa vilivyotekwa na wahalifu wa mtandaoni: vifaa vya aina hiyo, vingi vikitoka China, vingine vikiwa vimeshatiwa programu hasidi kabla mnunuzi hajafungua boksi. Nanyi mnaviunga kwenye waifai ileile ya kompyuta yenye hesabu za duka na malipo ya miwa. Ni kama kumpa mpangaji usiyemjua funguo za nyumba nzima kwa kuwa anapiga gitaa vizuri.

Vitengeni. Ruta ikikubali, spika na visanduku vipewe mtandao wake, kisha fayawoli iamriwe hivi: simu za nyumbani ziweze kuifikia spika, majibu yarudi, lakini spika isianzishe lolote kuelekea kompyuta wala ukurasa wa kuongozea ruta. Intaneti iachiwe, la sivyo wimbo hauji. Tazameni na mpangilio: kwenye ruta nyingi amri husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo hufuatwa. Ukitanguliza “zuia zote”, ruhusa zilizo chini yake ni mapambo tu.

Wengi wenu huteleza baada ya hapo. Ukishatenga, simu haiioni tena spika, maana huitafuta kwa mDNS, mwito unaokwenda anwani 224.0.0.251, mlango 5353, na mwito huo hauvuki wenyewe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Wageni wameshaketi, kijana anapandwa na hasira, anafungua kila kitu. Usithubutu! Washa kipitisha-mDNS kama ruta inacho, na uruhusu milango inayohitajika tu. Kama haina, tumia mtandao wa wageni, mradi usizuie vifaa vyake kuonana, simu nayo ihamie huko wakati wa kucheza. Spika ya Bluetooth haihitaji waifai hata kidogo, ila najua hiyo hamuitaki, haina fahari.

Mkimaliza, ungeni simu kwenye mtandao wa spika, mjaribu kufungua faili za kompyuta ya duka, kisha ukurasa wa kuongozea ruta. Kimoja kikifunguka, rudini kwenye amri zenu kabla ya kupandisha sauti.