Msaada wa Mwalimu na Ushahidi wa Mwanafunzi

Walimu wenzangu, tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, kazi za miradi zimepewa nafasi kubwa kuliko zamani, na sisi walimu wa lugha tumejikuta tukiitwa katika mambo ambayo hapo kale yalikuwa ya walimu wa sayansi peke yao. Mimi niliitwa kwa jambo dogo: kusahihisha Kiswahili cha ripoti. Jambo hilo dogo limenizalia swali ambalo sijalimaliza, nami naona afadhali niliweke mbele yenu kuliko kulificha moyoni. Je, mwalimu anayemwongoza mwanafunzi katika utafiti ana haki ya kumsaidia hadi wapi?

Shule yetu iko mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka, mahali ambapo sokoni watu wa makabila mengi husikilizana kwa Kiswahili. Huku kwetu kilimo cha mpunga kimeenea sana vinamasini. Mafunjo, ambayo hupunguza mwendo wa maji na kuyafanya yaache tope lake njiani, yamefyekwa na mahali pake pamechimbwa majaruba. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu walitaka kujua kama majaruba hayo yanayachafua maji ya kijito. Ripoti ya mtihani waliiandika kwa Kiingereza; ya Kiswahili ilikuwa isomwe mbele ya wazazi na wazee wa kijiji.

Chombo chao kilikuwa kile kilichobuniwa na padri na mwanafalaki wa Kiitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865. Ni kisahani tu. Walikikata kutoka kwenye bati, kipenyo chake sentimita 20, wakakipaka robo nyeupe na robo nyeusi kwa zamu, wakakifunga kamba yenye alama. Kisahani hushushwa majini mpaka kisionekane, kisha huvutwa polepole mpaka kionekane tena, na wastani wa vina hivyo viwili ndio kipimo. Maji yakiwa na tope, kisahani hupotea upesi. Walipima katika vidimbwi viwili, kimoja juu ya majaruba na kingine chini yake, kwa Jumamosi tatu. Mara mbili za kwanza kidimbwi cha chini kilikuwa na tope zaidi. Mara ya tatu hapakuwa na tofauti ya kutajwa.

Ripoti ilipofika mezani kwangu ilikuwa na sentensi hii: “Jumamosi mbili katika tatu, maji ya chini ilikuwa na tope kuliko ya juu.” Nilirekebisha upatanisho, kama ilivyo wajibu wangu. Lakini kalamu haikutulia hapo. Niliiona sentensi ni nzito, haina mvuto, nami nikaandika juu yake: “Kilimo cha mpunga huchafua maji ya kijito.” Kiswahili safi! Nilijisifu kimoyomoyo.

Kesho yake binti mmoja miongoni mwa wale wanne alinijia ofisini, akaniamkia, akasimama kwa muda bila kusema. Hatimaye akauliza, “Mwalimu, samahani. Mbona umetia hu-? Ulitufundisha kwamba hu- ni ya jambo linalotendeka siku zote. Sisi tulikwenda mara tatu tu.”

Sikuwa na jibu. Baadaye nilipata habari kwamba shangazi yake, ambaye ndiye anayemlipia karo, ana majaruba mawili katika kinamasi kile.

Wako watakaosema kwamba hapa ndipo penye ufumbuzi: mtoto alikuwa akimtetea shangazi. Huenda. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli hata kama angekuwa hana shangazi, na zaidi ya hayo ilinikumbusha uzito wa neno. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeviweka vinamasi mikononi mwa serikali kama amana kwa manufaa ya wananchi wote. Sheria hiyo naiunga mkono. Hata hivyo, watu wamewahi kuondolewa vinamasini, na sentensi yangu nzuri, ikisomwa kwa sauti mbele ya wakubwa, ingeweza kuwa shahidi dhidi ya watu ambao sikuwahi hata kuyatazama maji yao.

Mwenzangu wa sayansi hakukubaliana nami upesi, wala simlaumu. Alisema kwamba ripoti isiyo na hitimisho thabiti haitapata alama nzuri, na kwamba watoto wetu, wenye kisahani cha bati, hupimwa sawasawa na watoto wa shule zenye maabara kamili. “Fundi seremala,” akasema, “huichukua randa mkononi mwa mwanagenzi akamalizia kiti, na hakuna anayemwita mwongo.”

Mfano huo niliulaza kichwani siku kadhaa. Ni kweli, kiti kikikaliwa bila kuvunjika kimetimiza kazi yake, awe amekiranda nani. Lakini ripoti ya utafiti hukaliwaje? Kila atakayeitegemea hutegemea kwamba mtu fulani alisimama mahali fulani, siku fulani, akaona jambo fulani. Inafanana zaidi na ushahidi barazani. Shahidi twaweza kumfundisha aseme kwa sauti, apange maneno, asichanganye jana na juzi. Tukimwongezea alichoona, tumemharibu, na hata yale aliyoyaona kweli hayana tena wa kuyaamini.

Nakiri kwamba mpaka huo si rahisi kuuona. Je, niliposhauri jedwali litangulie maelezo, sikubadili kitu? Na swali lenyewe la utafiti, lilitoka kwao au lilitoka kwa mwalimu? Haya sijayapatia majibu.

Nilifuta sentensi yangu, nikaacha yao, isipokuwa “ilikuwa” iliyobaki “yalikuwa”. Siku ya mkutano binti yule ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye Jumamosi ya tatu, mzee mmoja mkulima aliinua mkono akauliza, “Na wakati wa kulima majaruba, mlipima?”

“Bado hatujapima, mzee.”

“Basi nitakapoanza kulima nitawatumia habari. Mje na hicho kisahani chenu.”