Mkaa Ukiisha Unaenda Wapi?

Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4–9



Jioni moja mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, akipepea moto wa maharage. Maharage yalipoiva, jikoni mlikuwa mmebaki majivu ya kiganja kimoja. Akaniuliza, "Babu, si tulijaza mkaa? Umeenda wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Mungu ndiye ajuaye, mjukuu wangu." Mtoto akanyamaza. Hakuuliza tena usiku ule, wala kesho yake.

Ukimya ule ulinikosesha raha. Jina la Bwana nililitaja, ndiyo, lakini nililitaja ili nimfunge mtoto mdomo.

Siku ya tatu, baada ya kumuuliza mwalimu mmoja wa sayansi hapa usharikani, nilimwita mjukuu wangu tukakaa kwenye vigoda. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya mkaa ni elementi moja iitwayo kaboni. Ukiwaka, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani, ikawa kabonidayoksaidi, ikapaa tusiione. Mwembe wetu wa uani huivuta hewa hiyo kwa majani yake, ukajengea shina, matawi na hata sukari ya matunda. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mkaa wa bibi umeingia kwenye embe?" Tulicheka, lakini hakuwa mbali na kweli.

Nikamwongezea la kuokoa uhai. Hewa ikiwa haba, kaboni hukosa oksijeni ya kutosha, ikatoka kabonimonoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana jiko la mkaa halilali na watu katika chumba kilichofungwa. Katazo hilo alilisikia tangu utotoni. Siku ile ndipo alipolielewa.

Najua wazazi wengi mtasema, "Mchungaji, sisi kemia hatukusoma." Basi mkumbukeni Dmitri Mendeleev wa Urusi. Mwaka 1869 alizipanga elementi zilizojulikana wakati huo, 63 hivi, katika jedwali. Mahali ambapo hapakuwa na elementi iliyofaa, hakulazimisha. Aliacha nafasi wazi. Nafasi mojawapo ilikuwa jirani na alumini, hii hii ya sufuria zetu. Mwaka 1875, huko Ufaransa, ikagunduliwa galiamu, ikakaa papo hapo. Leo jedwali lina elementi 118.

Mzazi naye aweza kuacha nafasi wazi. Kusema "Sijui, twende tukaulize" si aibu, wala si upungufu wa imani. Upungufu uko pale tunapoziba nafasi hiyo kwa jina la Mungu ili tupate kupumzika.

Somo letu linawaagiza wazazi wayazungumze maneno ya Bwana na watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Darasa hilo halina ubao wala kengele. Mezani mna chumvi, ukutani mna waya wa shaba, na damu ya mtoto ina chuma ndani yake. Vyote ni kazi ya mikono ya Bwana. Lakini tusiishie hapo: Ayubu sura ya 28 yatukumbusha kwamba binadamu huchimba fedha, chuma na shaba hata gizani, ila hekima haichimbwi; kumcha Bwana ndiyo hekima. Mtoto anahitaji kufundishwa yote mawili, na mtu yule yule.

Wiki hii chukueni misumari mitatu. Mmoja uwekeni mahali pakavu, wa pili upakeni mafuta ya kula, wa tatu uacheni kwenye kisahani chenye maji kidogo. Baada ya siku chache, mwambieni mtoto atazame upi umeshika kutu, kisha aeleze kwa nini. Ni chuma, oksijeni na maji vilivyokutana. Msimwahi jibu. Na akiuliza swali lisilo na jibu nyumbani kwenu, liandikeni, mje nalo Jumapili. Walimu wamo humu kanisani.

Tuombe: Bwana uliyeumba vyote, utusamehe pale tulipolitumia jina lako kunyamazisha watoto. Utupe uvumilivu wa kuwasikiliza. Amina.