Ficha Makato

Ukibonyeza Tab kwenye Photoshop, kila kitu kinatoweka. Brashi, rangi, matabaka, vyote vinaenda, inabaki picha peke yake katikati ya skrini. Ukibonyeza tena, vinarudi. Aliyezoea hufanya hivyo mara nyingi kwa siku bila kufikiri. Asiyejua, hasa yule anayetengeneza kijitabu cha mazishi ya kesho kwenye saiba mjini Kericho saa kumi na moja jioni, atadhani ameharibu kompyuta ya wenyewe. Atazima. Atawasha. Wasifu wa marehemu utaanza kuandikwa upya na familia imekaa hapo kwenye benchi inamtazama.

Mimi huona swali la maadili ndani ya kitufe hicho, na marafiki huniambia natafuta makubwa kwenye madogo. Sawa. Lakini hebu tulitazame. Kuna kitu kilikuwa mbele yako, sasa hakipo. Hakijafutwa. Kipo mahali, na kuna mtu anayejua namna ya kukirudisha. Je, mtu huyo ni wewe?

Watengenezaji wa programu hupenda kusema kwamba njia nzuri ya mkato ni ile inayoeleweka yenyewe, yaani mkono ujue kabla kichwa hakijaambiwa. Nilisoma mambo ya kompyuta mihula mitatu kabla karo kunishinda, na maneno hayo niliyasikia kama dini. Baadaye nikakutana na Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh kule Apple. Mwaka 1994 aliandika makala fupi akisema kwamba tunachokiita kueleweka kwenyewe ni mazoea tu. Kitu unakiona rahisi kwa sababu kinafanana na kingine ulichokwisha kukijua.

Mtu wa huku hahitaji Raskin kuambiwa hivyo. Mtazame mama anayechuma chai kwenye shamba lolote kati ya Kericho na Bomet. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili inakwenda huku yeye anapiga gumzo na jirani. Ungeapa kwamba amezaliwa hivyo. Muulize wiki yake ya kwanza ilikuwaje. Atakuonyesha vidole, atakwambia karani alimrudishia majani akamwambia haya ni ya mbuzi.

Kwa hiyo anayesema kitufe fulani kinaeleweka chenyewe ajibu kwanza: kwa mkono wa nani? Ctrl na B kwenye Word hukoza maandishi, kwa sababu B ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kukoza. Ukifungua VS Code, programu ya waandika msimbo, Ctrl na B hiyohiyo huficha paneli ya pembeni, maana kwa Kiingereza neno la pembeni nalo lina B ndani yake. Unataka neno liwe nene, orodha ya mafaili inakimbia. Word ya Kihispania hukoza kwa Ctrl na N, na Ctrl na S ambayo sisi hutumia kuhifadhi kazi, wao hupiga mstari chini ya maneno. Wahispania walipewa herufi zao. Sisi, hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na menyu zikazungumza Kiswahili, tuliendelea kubeba herufi za Kiingereza vidoleni. Silalamiki sana. Mkono ukishazoea umezoea.

Na kuna walioona mbali kuliko herufi. Larry Tesler, aliyefariki Februari 2020, ndiye anayetajwa zaidi kwenye habari ya kukata, kunakili na kubandika, kazi aliyoianza Xerox PARC miaka ya 1970 na kuiendeleza Apple. Z, X, C na V zimekaa mstari mmoja chini kushoto, karibu na kidole. X inafanana na alama ya kukata kitu. V inafanana na ile alama ya mhariri anapopenyeza neno lililosahaulika. Ukiacha C, hapo huhitaji Kiingereza. Unahitaji macho na mkono wa kushoto.

Haya yote yangebaki porojo za mtu asiye na digrii kama jamaa yangu wa Bomet hangeniita kazini. Anatengenezea kikundi cha wakulima wadogo programu ya kituo cha kupimia majani. Karani anakaa ndani na kompyuta, mizani iko mlangoni, mkulima anasimama dirishani. Skrini inaonyesha jina, kilo za leo, kilo za mwezi. Upande wa kulia kuna paneli ya makato: mbolea, usafiri, mkopo. Kompyuta yenyewe ni ndogo, paneli ikifunguka inafunika nusu ya orodha. Kwa hiyo alitaka kitufe kimoja cha kuifungua na kuifunga haraka. Mimi nilitakiwa kuandika maneno ya Kiswahili ya kwenye skrini, elfu tatu kwa kazi yote. Akanitumia orodha yake. Mstari wa nne: Onyesha makato. Wa tano: Ficha makato.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Fikiria wewe ni mkulima wa chai huku kwetu. Umesimama dirishani, gunia limeshapimwa, unachungulia skrini na unasoma, kwa Kiswahili safi: Ficha makato. Hii ni sehemu ambayo kila bonasi inapotangazwa watu huuliza kwa nini wenzao wa Mlima Kenya wamepata zaidi kwa kilo, na majibu yanayotoka ni marefu kuliko swali. Ni Kericho hii ambapo Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai. Walioandika kwamba ni woga wa teknolojia hawakuuliza mashine ile ilikuwa inachukua mkate wa nani. Mtu wa hapa hupima mashine kwa kuangalia inafaidi upande gani. Halafu umpe kitufe kilichoandikwa Ficha.

Kwa Kiingereza, kuonyesha na kuficha kwenye menyu ni maneno yasiyo na harufu. Kwa Kiswahili yana harufu, na ukichunguza utaona ni kwa sababu lugha hii imewahi kulifikiria jambo hili kabla ya kompyuta. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kunja, kunjua. Silabi ndogo ya mwisho inakirudisha kitendo kilikotoka. Ndiyo maana waliotafsiri programu walipotafuta neno la kurudisha nyuma ulichokifanya, wakapata tendua, na hakuna aliyehitaji maelezo. Kitufe kimoja cha kwenda na kurudi tulikuwa nacho ndani ya kitenzi.

Basi jozi ya ficha ni ipi? Ni fichua. Na hapa ndipo utamu ulipo, au uchungu. Hakuna anayefichua sahani au kiti. Tunafichua siri, ufisadi, maovu. Lugha inasema kilichofichwa hakirudi kimyakimya kama kilivyoondoka. Kikirudi, kuna mtu ataaibika. Ukiandika Ficha makato umeshamtuhumu karani kabla hajapima kilo ya kwanza.

Nikamwambia jamaa tuandike Kunja na Kunjua. Akaniambia, "Wewe nawe, si ni kitu kile kile?" Si kile kile. Leso ikikunjwa bado unaiona. Unajua iko hapo, unajua unene wake, unaona ncha. Kwa hiyo neno likabadilisha na mchoro: paneli ikikunjwa lazima ncha ibaki, mstari mmoja wenye jumla ya makato, ambao hakuna kitufe kinachoweza kuuondoa. Hiyo ndiyo tofauti yangu kati ya kupanga na kuficha, na nitaishikilia hata kwenye mambo yasiyo ya kompyuta. Aliyepanga huacha alama ya alichokiweka pembeni. Photoshop haiachi alama, na kwa Photoshop sijali, maana anayebonyeza na anayetazama ni mtu mmoja. Dirishani pale ni watu wawili.

Jamaa hakuwa mjinga wa kukubali tu. Alikuwa na hoja, na ni nzuri. Mstari ni mrefu, mvua ya alasiri haina subira, lori linangoja, na majani yakikaa ndani ya gunia yanapata joto na kuharibika. Kila sekunde karani anayokaa na paneli ni hasara ya mkulima yuleyule ninayejidai kumtetea. Kwa hiyo kitufe kiwe chepesi. Ctrl na K, ya kunja? Programu inaendeshwa ndani ya Chrome, na Chrome ikiona Ctrl na K inakupeleka kwenye utafutaji. Ctrl na F ndiyo kabisa. Mwishowe tukatazama mikono ya karani badala ya alfabeti. Wa kulia uko kwenye vitufe vya namba siku nzima, vile vya kuchomeka pembeni, anaingiza kilo. Hapo kuna alama ya kujumlisha ambayo hana kazi nayo, maana anaingiza uzito mmoja tu kwa kila gunia. Kidole hakisafiri. Na kujumlisha kwa maana ya kuongeza kinachoonekana, hiyo hata mtoto wa darasa la pili hahitaji kufundishwa. Au niseme alishafundishwa, Raskin asije akanirudi.

Nilidhani tumemaliza. Jamaa akanipeleka kwa kogo mmoja jirani yao, mwanachama wa kikundi tangu mwanzo, tumuonyeshe. Aliangalia skrini muda mrefu, akauliza jumla ile inatoka wapi, tukakunjua. Mbolea, usafiri, mkopo wa karo ya mjukuu. Akatugeukia.

"Na anayesimama nyuma yangu anaona hii?"

Anaona, tukasema, akichungulia.

"Kwa hiyo mnataka nisomwe kama gazeti."

Hilo sikuwa nimelifikiria kwa uzito wake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba anayeficha ni mwenye nguvu na anayefichwa ni mnyonge, kumbe mnyonge naye ana vyake vya kufunika. Kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, deni la mtu si habari ya foleni. Kwake yeye paneli iliyofungwa ni adabu, kama kumpa mtu kisogo anapohesabu pesa zake. Makato yaleyale, yakifichwa na karani ni wizi unaonukia, yakifichwa na mwenyewe ni heshima.

Basi ugumu haukuwa kuonyesha au kuficha. Ulikuwa ni nani anaamuru, na kwa muda gani. Kuhusu muda, Raskin alitusaidia tena. Aliona tofauti kubwa kati ya kitufe unachobonyeza kikageuza hali ikabaki hivyo, na kile unachokishikilia, kama Shift, ambacho ukiachia tu mambo yanarudi yalivyokuwa. Cha kwanza husahaulika kiko wazi au kiko fungwa. Cha pili hakisahauliki, kwa kuwa kidole chako kinajua kiko kazini. Tesler naye alichukia hali za kusahaulika kiasi cha kuandika chuki hiyo kwenye nambari ya gari lake. Kwa hiyo ukishikilia alama ya kujumlisha, makato yanakunjuka. Ukiachia, yanakunjika, na mkulima anayefuata hakuti deni la mwenzake.

Ila bado anayeshikilia ni karani. Mkulima anaweza kusema "kunjua," na karani mwema atakunjua, na karani aliyechoka atasema mtandao uko chini. Risiti itakuwa na kila kitu, ndiyo, kwa anayesoma herufi ndogo kama chungu. Mimi nilisema kitufe kiwe nje, upande wa dirishani. Jamaa akasema huo ni wazimu, mtu akipewa vitufe vya namba ataanza kujiongezea kilo.

Wiki jana amenunua seti nyingine ya vitufe vya namba, ya mtumba. Ameing'oa vitufe vyote kwa bisibisi, kimebaki cha kujumlisha peke yake, na mashimo ameyaziba kwa kadibodi. Tumekijaribu mezani kwake na kinafanya kazi. Kinachotusumbua sasa ni waya. Ni mfupi, haufiki dirishani.