Bahati na Maarifa Katika Mashindano

Bao halina dadu. Kete zake 64 hupangwa katika mashimo 32, na aliyeshindwa hana wa kulaumu ila akili yake mwenyewe. Ludo, ambayo vijana wengi sasa huicheza kwa simu, ni kinyume chake: hodari na asiye hodari wote hungoja dadu ionyeshe sita, na sita huja kwa wastani mara 1 katika 6. Mtu akitunga mashindano ya mtandaoni kwa vijana wa Ngara na Biharamulo, bahati aipe nafasi gani?

Wako wasemao ifukuzwe kabisa. Walakini, mahali ambapo maarifa hutawala peke yake, mshindi hujulikana kabla ya kuanza, na mwanafunzi hana sababu ya kurudi kesho. Bahati ikitawala peke yake, kujifunza ni kazi bure. Mashindano yana deni mbili: tumaini kwa mdogo na haki kwa hodari.

Hesabu yaweza kuzilipa zote mbili. Mchezaji awezaye kumshinda mwenziwe mara 60 katika michezo 100, wakikutana mara moja tu, ana hatari ya 40 katika 100 kutolewa. Mshindi akiwa yule atanguliaye kushinda michezo 2, hatari hiyo hushuka hadi kama 35. Akiwa atanguliaye kushinda 3, kama 32. Bahati haikufukuzwa, imepunguzwa kwa kurudia.

Lakini iko bahati nyingine isiyokaa ndani ya dadu. Kijana wa kijiji cha mpakani Ngara hukatikiwa na mtandao katikati ya mchezo, au bando lake humwishia, naye huandikwa ameshindwa. Dadu haimjui tajiri wala maskini. Mtandao huwajua wote wawili. Hiyo si bahati, bali ni tofauti ya mali iliyovaa nguo za bahati. Mtungaji mwema humpa kila mchezaji akiba ya dakika zilizo sawa za kurejea, na mchezo huendelea pale ulipokoma. Akiba hiyo iwe na mpaka, mwerevu asije akazima simu yake kila aonapo anashindwa.

Bahati inayogawiwa kwa wote sawasawa ni chumvi ya mchezo. Ile inayogawiwa kwa uzito wa mfuko ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.