Nyumba ya Chokaa Itengenezwe kwa Chokaa

Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake huvuta unyevu, kisha huutoa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hubandua rangi, na ncha za boriti huoza taratibu pasipo mtu kuona. Inaniuma nyumba kuharibiwa na mkono ulionuia kuiponya.

Kwa hiyo, kabla ya kushika mwiko, tafuta maji yanakotoka: paa, mfereji wa mvua, bomba. Ziba hapo kwanza. Kisha bandua plasta iliyolegea na uloweshe ukuta. Changanya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Paka tabaka jembamba, ulikinge jua, likauke polepole ndipo uongeze jingine. Saruji ni ya haraka, najua. Chokaa hutaka siku. Tena huunguza: vaa glavu, kinga macho, na watoto wakae mbali.